Kuingia Uwanjani Kinyumenyume

Mpaka leo nikiulizwa mguu wangu wa kushoto uliumia vipi, nababaika. Ninayo majibu matatu, na hata moja siliamini sawasawa.

Enzi za Mwingereza nilikuwa kuli bandarini, upande wa Kurasini, kazi ya kubeba magunia. Kuli mwenye mguu mbovu hana kazi. Asubuhi msimamizi alitutazama miguu kwanza, ndipo akatutazama nyuso. Kwa hiyo jioni, tulipocheza mpira peku kule kwetu Temeke, mimi sikuogopa kufungwa. Niliogopa kuumia. Wenzangu walinicheka kwamba nacheza kama niliyebeba mayai, na walisema kweli.

Watu wawili walijipa kazi ya kuulinda mguu wangu. Wa kwanza alikuwa mjomba, kaka yake mama, mwenyeji wa papo hapo, aliyeshika mambo ya dawa na kinga za timu. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa bara, aliyefundisha watoto mazoezi ya viungo na akajitolea kutufundisha na sisi. Mwalimu alitaka kabla ya mchezo tuuzunguke uwanja mara tatu, tunyooshe mapaja, tuzungushe vifundo vya miguu mpaka jasho litoke. Mjomba aliposikia habari za jasho alinuna. Siku ya mechi alitupaka mafuta ya dawa magotini, na mafuta hayo yakitoka kwa jasho kabla ya filimbi, alisema, tumeingia uwanjani uchi.

Nimsikilize nani? Mmoja alikuwa na cheti, mwingine alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nikaona ujanja ni kuwatii wote. Siku ya mechi kubwa nikaamka, nikakimbia peke yangu kwenye minazi, nikajinyoosha, nikaoga, kisha nikaenda kwa mjomba kupakwa mafuta kana kwamba sijafanya kitu. Nilifika uwanjani nimeshachoka, nanuka dawa, na sijui nimejilinda au nimejiharibu.

Desturi yetu ilikuwa kutopita penye mlango wa uwanja, maana wapinzani huenda wamefukia kitu chao pale. Tulipenya pembeni kwenye ua wa makuti, tena kinyumenyume, mmoja nyuma ya mwingine. Siku hiyo mjomba alinichagua mimi nitangulie, kwa kuwa mguu wangu haujawahi kuumia.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu. Alishindwa kujizuia.

"Geuka, kijana. Mtu hutazama anakokwenda."

"Usigeuke, mwanangu," mjomba akasema. "Hapo nyuma nishapatengeneza mie."

Nikarudi nyuma hatua tatu salama. Ya nne, kisigino kikazama kwenye mchanga mlaini, mguu ukapinda, na kitu kikalia ndani ya kifundo. Nikaanguka chali. Nilipoweka mkono chini ili niinuke, vidole vikagusa shingo ya chupa ndogo iliyofungwa kipande cha kaniki. Kaniki ile niliijua. Jana yake nilimwona mama akimchania kaka yake. Nikaifukia haraka kwa kiganja kabla mtu hajaona. Kwa nini nilifanya hivyo, sijui. Maumivu yalikuwa makali na bado nilikuwa naficha.

Mjomba alitangaza kwamba ni kazi ya wapinzani, na bila kinga yake ningevunjika shingo. Nilipomweleza mwalimu kuhusu zile mbio zangu za asubuhi, alifurahi, akasema bila mwili kupata moto mfupa ungekatika vipande viwili. Kila mmoja aliondoka ameridhika kwamba ameniokoa. Nami nimelala mkekani, kifundo kimevimba, najiuliza aliyeokolewa ni nani.

Bandarini sikurudi tena. Nilijaribu, msimamizi akanitazama miguu, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Niliona uchungu, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma nisikutane na mtu.

Mjomba alikuja kila asubuhi kunichua kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi, hatukuwa na maneno mengi. Asubuhi moja, akiwa ameinamia mguu, aliuliza bila kuniangalia:

"Ulipoanguka, hukushika kitu pale chini?"

"Mchanga tu, mjomba."

Akaendelea kuchua, lakini taratibu zaidi. Sijui mpaka leo kama nilimhurumia au nilimwogopa. Hakuniuliza tena.

Mechi iliyofuata nilikwenda kutazama, na mkongojo wangu. Timu iliingia palepale pembeni, kinyumenyume kama kawaida. Safari hii aliyetangulia alikuwa mjomba mwenyewe, na mvi zake, akirudi nyuma polepole, akikanyaga kila mahali mara mbili kwa kisigino kabla ya kuwaita vijana wamfuate.