Nilivyoombewa Pepo Bubu kwa Ajili ya Dawa ya Meno

Kucheka mcheke tu, maana hata nikikataza mtacheka, na wengine wenu video mnayo kwenye simu na mmeshaitumiana mpaka kwa watu nisiowajua. Ila wale wanaosema nina mapepo naomba leo wanisikilize vizuri. Sina pepo, sijawahi kuwa nalo, nilikuwa na dawa ya meno isiyonifaa, basi. Aibu niliyoipata pale Nyololo, mbele ya askofu na mbele ya mama yangu mzazi, nikiikumbuka natamani kumpiga mtu, na nikitafuta wa kuanza naye najikuta ni mimi mwenyewe.

Meno yangu yana ganzi. Maji ya baridi siyawezi, embe bichi ndiyo hata usinionyeshe. Miaka ya nyuma daktari wa meno, mama mmoja mpole sana, alinikalisha akanieleza kama mtoto: kila mtu na meno yake, ya kwako wewe yamelika na fizi zimerudi nyuma, kwa hiyo ukienda dukani usibebwe na uzuri wa boksi, tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ni ya meno yenye ganzi, nunua mswaki laini, na hizi za kung'arisha zenye chengachenga waachie wenye meno yao mazima. Nikamsikia. Nikatumia dawa yangu, ganzi ikatulia, nikakaa vizuri miaka na miaka mpaka nikasahau kwamba nimetulia kwa sababu ya dawa (binadamu tuna shida jamani).

Halafu meno yenyewe ni ya kahawia. Baba alifanya kazi mashamba ya chai kule Mufindi, kwetu chai ya rangi tumeijua kabla ya uji, nyumba nzima tulikuwa na meno ya aina moja na hakuna aliyeona kasoro.

Sasa kwaya yetu ya Soweto, Mbeya, ikaalikwa kuimba Nyololo kwenye kuwekwa wakfu kanisa, mwezi wa saba. Na Mwalimu Sanga, anayetufundisha, baada ya mimi kusimama mstari wa nyuma miaka tisa, akanipa ubeti wa tatu niuimbe peke yangu. Peke yangu! Nyololo, kule kule Mufindi, ni nyumbani, mama yangu yupo hapo hapo, miguu inamsumbua, Mbeya haji, hajawahi hata siku moja kunisikia nikiimba. Nilimpigia simu nikalia. Yeye akatangaza kwa majirani wote.

Ndipo Mama Ombeni, anayeimba pembeni yangu na ambaye aliutaka ubeti ule (msimwambie nimesema), akanishika bega mbele ya kwaya nzima.

"Hongera Mama Baraka. Ila safari hii kuna kamera, ile ya kukusogelea mpaka usoni. Ukifika kwenye ile sauti ya juu ujitahidi, usifungue mdomo sana."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachonichoma zaidi ya vyote, kwamba na mimi nilicheka.

Kesho yake nikaenda Mbalizi, kuna duka la vipodozi karibu na soko, kaka muuzaji amepanga dawa za meno kuanzia chini mpaka darini.

"Karibu mama, unataka ya namna gani? Ya mkaa ipo, ya karafuu ipo, ya watoto ipo. Au chukua hii ya kung'arisha, siku tatu tu, watu watakuuliza umefanyaje."

Kwenye boksi kuna dada anacheka, meno kama maziwa. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza yule kaka, kama inafaa kwa meno yenye ganzi, na sikumuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikulitaka. Nikanunua, na mswaki mgumu juu yake, eti uchafu utoke vizuri.

Nikapiga mswaki asubuhi, mchana, jioni, nasugua kama mtu anayesugua sufuria lililoungua. Siku ya pili, maji ya bombani yakanifanya nirukeruke bafuni. Nikajiambia dawa inafanya kazi! Siku ya safari, dawa yangu ya zamani nikaiacha nyumbani makusudi, maana tungelala pamoja na sikutaka Mama Ombeni aione aanze kuuliza ya ugonjwa gani.

Mwezi wa saba Nyololo mnaujua au mnausikia? Ukungu mpaka saa nne, upepo unapenya sweta mbili. Watu walikuwa wengi, kanisa halikutosha, ibada ikahamia nje chini ya maturubai. Mama yangu alikuwa kiti cha mbele kabisa, amejifunika blanketi, anamsalimia kila anayepita kwa kilugha chetu na kumwambia, "Kamwene, mwanangu ataimba peke yake."

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mimi nimefunga mdomo hata kuitikia siitikii. Wa tatu ukafika. Nusu ya mstari ilitoka vizuri, kweli nawaambia, vizuri sana, nikamwona mama anatikisa kichwa. Halafu ikaja ile sauti ya juu, nikafungua mdomo wote, kamera hiyo hapo, na upepo wa Mufindi ukaingia.

Sikuimba. Nilipiga yowe. Kwenye maikrofoni. Maumivu yalianzia kwenye meno yakapanda hadi utosini, nikachuchumaa, nikaziba mdomo kwa mikono miwili, kinanda kinaendelea chenyewe.

Mwinjilisti mmoja mgeni akaruka kutoka huko alikokaa. "Limejidhihirisha!" Mikono sita ikatua kichwani kwangu. "Taja jina lako!"

Nitatajaje jina na nikifungua mdomo nakufa? Nikasema, "Mmm! Mmm!"

"Ni bubu! Pepo bubu, mwachie binti huyu!" (Nina miaka arobaini na sita.)

Nikaonyesha meno kwa kidole. Akapaza sauti, "Linataka kuuma! Shikeni mikono!"

Wakashika. Mtu mwenye huruma zake akaleta maji ya chupa, yaliyolala nje na baridi ile, wakanibandua midomo wakamimina. Hapo sasa ndipo nilipopata nguvu ambazo kweli hata mimi nisingeweza kuzieleza, nikachomoa mkono mmoja, nikapiga, chupa ikaruka ikaenda kummwagikia askofu kwenye kanzu yake nyeupe. Mkutano wote ukasimama.

Aliyeniokoa ni mama. Alikuja na miguu yake ile mibovu, anasukuma watu kwa fimbo. "Mwacheni Edina! Hana pepo huyo, meno yake yanauma tangu mtoto! Baba mwinjilisti, ondoa mikono!" Akanifunga blanketi lake mdomoni, akaniondoa. Na nyuma yangu nikasikia sauti. Mama Ombeni alikuwa ameokota maikrofoni, anaumalizia ubeti wangu, wote, mpaka ile sauti ya juu.

Mama alinipeleka jikoni kwake, akafunga mlango, akachochea moto, akanipa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nikawalaani wote, mwinjilisti, yule kaka wa Mbalizi, Mama Ombeni na ukoo wake. Mama akaniacha nimalize.

"Nimekaa kwenye baridi tangu asubuhi," akasema, "nimesikia nusu mstari. Hapa hakuna upepo. Imba."

Nikaimba, taratibu, moshi machoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye moto, akaniangalia mdomoni.

"Sauti nimeisikia. Meno haya ya nani? Baba yako alicheka na ya kwake mpaka tunamzika."

Nikachukua yale maji ya chumvi nikasukutua, polepole.

Nilirudi Mbalizi kugombana. Yule kaka akaniangalia akaniambia, "Lakini mama, si yameng'aa?" Yameng'aa. Kwenye video, pale ninapopiga yowe, yanaonekana yote, meupe, hata mwinjilisti naona anayashangaa.

Nimerudi kwa dawa yangu ya ganzi na mswaki laini, na boksi naliweka dirishani kila mtu alione. Meno yameanza kurudi kahawia na chai nakunywa. Ila ubeti wa tatu hawajanirudishia, Mwalimu Sanga anasema tusubiri kwanza watu wasahau, na kila Jumapili anauimba Mama Ombeni, mimi nimesimama pembeni yake. Sitanunua tena dawa ya meno kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine. Na siku Mama Ombeni atakapothubutu tena kunishika bega na kuniambia habari za meno yangu, nitafungua mdomo wote, kamera iwepo isiwepo, na siyo kwa kuimba.