Goti la Baba Mkwe

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu. Ukiniona nageuka nyuma kila tunapotembea pamoja, hata tukienda sokoni Kwa Mrombo tu, ujue tabia hiyo ilianzia siku ile. Watoto wangu hunicheka. Wanasema mama anaogopa vibaka. Nawaacha wacheke. Lakini wewe na vijana wenzako wa usharika nasikia mnajiandaa kupanda Mlima Meru, na sitaki uondoke kabla sijakusimulia.

Nilikuwa bado bibi harusi, sijamaliza hata mwaka nyumbani kwa mume wangu Elibariki. Tulikaa na wazazi wake, chini kidogo ya msitu, katikati ya migomba na kahawa. Baba mkwe wangu, Mzee Anaeli, alikuwa mtu wa maneno machache na kiburi kingi, kile kiburi cha mkulima ambaye hajawahi kuomba msaada shambani. Maisha yake yote alikuwa anaamka na kuutazama mlima, lakini hakuwahi kufika juu. Elibariki alikuwa ameanza kazi ya kusindikiza wageni mlimani, na msimu ambao wageni walipungua akapata kibali cha kumpandisha baba yake. Mimi nikaongezwa, kwa sababu mama mkwe alisema lazima awepo mtu wa kumwangalia mzee wake, na wanaume hawajui kuangalia.

Getini Momela tulikabidhiwa kwa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kijana wa Kiarusha aitwaye Lomayani. Kabla hatujapiga hatua alitusimamisha.

"Huku ndani kuna nyati," alisema. "Hakuna anayekwenda mbele yangu, na hakuna anayebaki nyuma. Mtu akitaka hata kujisaidia, aniambie kwanza. Tumeelewana?"

Tukaitikia wote. Mzee Anaeli aliitikia kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Kupanda kulikwenda vizuri. Twiga walituangalia tukipita kama watu waliokaa barazani. Mbega waliruka juu ya vichwa vyetu na mikia yao meupe ikining'inia. Tulilala kibanda cha kwanza, tukalala cha pili, na kutoka pale tulipanda kile kilima kidogo ambacho kutoka juu yake unaliona shimo la volkano. Mzee alivua kofia yake. Nilitazama pembeni, maana niliona midomo yake inatetemeka, na mkamwana hapaswi kumwona baba mkwe akiwa hivyo.

Shida ilianza wakati wa kuteremka. Wapagazi walitangulia na mizigo. Lomayani akashika njia, Elibariki akamfuata, halafu mzee, na mimi nikawa nyuma yao. Kwenye zile ngazi za miti nikaona mzee anaweka mguu wa kushoto upandeupande, kama anayekanyaga makaa. Nikamsogelea.

"Baba, ni goti?"

"Nyamaza, mama," alininong'oneza bila kugeuka. "Elibariki akijua atawaita wapagazi wanibebe kama gunia la kahawa. Nilipanda kwa miguu yangu na nitashuka kwa miguu yangu. Usimwambie mtu."

Basi nikanyamaza. Ningefanya nini, mwanangu? Mkamwana mgeni, nikamchongee baba mkwe kwa mwanawe? Kwetu hilo halikuwepo. Lakini tangu dakika ile sikuacha kuitazama miguu ya mzee. Kila alipokanyaga jiwe, mimi nilishtuka. Kila Elibariki alipoongeza mwendo, nilitamani kumwita, nikajizuia.

Tulipita kibanda cha kwanza, tukashika ile njia ndefu ya msituni kwa sababu haina mteremko mkali. Ukungu ukaanza kushuka. Kwanza ulifunika vilele vya miti, baadaye ukaja mpaka kwenye njia, nikawa namwona Elibariki kama kivuli. Lomayani alisimama akaangalia kinyesi kilichokuwa njiani, kikitoa mvuke. Matawi ya pembeni yalikuwa yamevunjika. Palikuwa na harufu kama ya zizi, lakini kali zaidi.

"Sogeeni hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Tuwe karibu karibu."

Tukaenda. Baada ya kitambo mzee akainama. "Tangulieni," akaniambia, "nafunga kamba ya kiatu."

Kamba yake ilikuwa imefungwa. Niliiona. Alikuwa anapumzisha goti na hakutaka nisimame kumtazama. Nikasita. Akanipungia mkono kwa ukali, nenda, nenda. Nikaenda. Nikafuata njia nikaipita kona, na nilipogeuka sikumwona tena.

Hapo ndipo niliposikia miti inavunjika nyuma yangu.

Nyati alitoka kichakani akaingia njiani, kati yetu na pale nilipomwacha mzee. Dume kubwa, peke yake, tope limemkauka mgongoni, pembe zimekutana kwenye paji kama mwamba. Hakutuona. Alikuwa ametazama kule kwenye kona, ameinua pua.

Lomayani alirudi akatupita bila kishindo, akainua bunduki. Halafu akaishusha.

"Mzee yuko wapi?"

"Nyuma ya kona," nikasema.

"Basi siwezi kumpiga. Risasi ikipita, sijui itamkuta wapi."

Elibariki akafungua mdomo kumwita baba yake. Lomayani akamziba kwa kiganja. "Ukipiga kelele, mnyama atakimbia. Atakimbilia upande gani? Unajua wewe?"

Mume wangu akataka kupita kwa nguvu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, akawa ananivuta, viatu vyangu vikiteleza kwenye tope. Sijawahi kumshika mtu hivyo, si kabla wala baada ya siku ile. Ukungu ukapita mbele yetu ukamfunika nyati. Tukabaki kumsikia tu. Anapumua. Anapiga kwato chini. Ananyamaza. Kule kukaa kimya ndiko kulikotisha kuliko yote. Nikamwona akilini mama mkwe amesimama mlangoni na bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, la kumkaribisha mume wake, nikajiuliza nitasimama mbele yake na kumwambia nini.

"Sikilizeni," Lomayani akanong'ona. "Nitapiga juu, hewani. Mlio ukisikika mzee ataparamia mti wowote ulio karibu. Wazee wa huku mlimani wanajua. Halafu tutaona mnyama anaelekea wapi."

Akainua mtutu. Na hapo, mwanangu, kile nilichokimeza tangu asubuhi kikatoka.

"Usipige!" nilinong'ona. "Hawezi kupanda mti. Goti lake limekufa tangu kule juu. Hata kukimbia hawezi."

Elibariki alinigeukia, macho yamemtoka. Lomayani hakuniangalia hata kidogo. Alishusha bunduki taratibu, akafikiri, jasho likimtiririka ingawa kulikuwa na baridi.

"Basi lazima nyati atuangalie sisi," alisema. "Mti ule mkubwa kushoto. Nyie wawili mkae nyuma ya shina. Mzungumze kwa sauti ya kawaida, kama mko nyumbani. Msipige kelele."

Tukasogea mpaka kwenye shina. Tuzungumze nini? Nikaanza kumwuliza Elibariki kama tutavuna ndizi tukirudi. Akajibu kwamba tutavuna. Nikauliza zile za kando ya mfereji au za nyuma ya nyumba. Sauti yake ilikuwa inakatika, lakini alijibu. Lomayani alisimama hatua chache pembeni yetu, waziwazi, bunduki begani.

Ukungu ukafunguka kidogo. Nyati alikuwa amegeuka, anatutazama. Nimeangaliwa na watu wengi wenye hasira maishani, lakini sijaona macho kama yale. Akapiga hatua moja kuja kwetu. Akapiga nyingine. Niliendelea kuzungumza habari za ndizi, sijui nilisema nini. Nilimsikia Lomayani akivuta pumzi na kuishikilia. Kisha yule mnyama akatupa kichwa, akakoroma, akaingia bondeni akivunja kila kilichokuwa mbele yake, mpaka mlio ukaisha.

"Baba!" Elibariki akaita.

Akaita tena.

"Baba!"

Tulikimbia mpaka kwenye kona. Kofia yake ilikuwa chini, imekanyagwa. Elibariki aliiokota akaanza kulia kama mtoto. Ni mimi niliyemwona. Alikuwa amejibanza katikati ya mizizi ya mti mkubwa, mahali ambapo hata mbuzi angepata tabu kuingia, amejaza mdomoni kitambaa chake cha shingoni ili asikohoe. Alikuwa mzima. Suruali yake ilikuwa imelowa, na si kwa ukungu. Nilifungua kanga niliyojifunga kiunoni nikamzungushia, nikaifunga vizuri, naye akaniruhusu. Mimi, mkamwana. Hakuna aliyesema kitu, na mpaka leo hujawahi kusikia habari hiyo kwa mtu mwingine.

Tuliposogea mahali pa wazi tukakaa kupumzika. Ndipo hasira ya Elibariki ikapata pa kutokea.

"Ulijua?" aliniuliza. "Tangu asubuhi ulijua, ukanyamaza?"

"Mwache," mzee akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Halafu akanigeukia. Nilidhani atanishukuru. Kumbe sivyo.

"Lakini na wewe, mama, nisikilize. Nilikwambia unyamaze, ukanitii, na heshima yako ilikaribia kunizika. Umenitii mimi, au umetii aibu yangu? Mtu mzima akiona aibu anakuwa mpumbavu kuliko mtoto. Sasa nakuambia mbele ya mwanangu na mbele ya huyu askari. Siku nyingine ukiniona naficha maumivu, nitangaze. Nitangaze hata mbele ya mchungaji. Nitakasirika, nitafoka. Wewe usinijali."

Tukashuka mpaka Momela mzee akiwa mbele kabisa, ameegemea bega la mwanawe, na sisi wengine tukitembea kwa mwendo wa goti lake. Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipotoka getini. Lomayani alimpa mkono akamwambia, "Shikamoo, mzee," ingawa walikuwa wameshasalimiana tangu asubuhi.

Na alifoka kweli. Miaka kadhaa baadaye nilimwona anaacha chakula na kuwamwagia kuku, akidhani sioni. Safari hii sikungoja. Nilimwambia Elibariki mbele yake, mezani. Alinirushia maneno mazito, akakataa kuitikia salamu yangu wiki nzima. Lakini alipelekwa hospitali, na madaktari wakasema amewahi. Akaishi mpaka akawabeba watoto wangu mgongoni, na goti lile lile bovu.

Basi mwanangu, nenda mlimani. Sikukatazi. Msikilize askari wenu, na msitembee kwa mbwembwe za kuona nani atatangulia kufika. Aliyechoka kuliko wote ndiye awape mwendo. Ukiumia, sema mapema, kabla haijawa hatari ya watu wote. Na ukiona mwenzako anaumia, usingoje ruhusa yake. Sema, hata kama ni kiongozi wenu, hata kama ni mtu unayemwamkia shikamoo. Kumheshimu mtu ni kutaka afike nyumbani. Akikukasirikia, mwache akukasirikie akiwa hai. Na mimi pia ukiniona nasema sijachoka, niangalie miguu kwanza.

Mungu aliyekuwa nasi ndani ya ukungu ule awe nanyi. Akupandishe salama, akushushe salama, na jioni mtakayorudi, wote mlioondoka pamoja mkae meza moja, pasiwe na kiti hata kimoja kitupu.