Pilipili Kwenye Ugali wa Mbwa

Jirani yangu wa Nyasho alikuwa na imani moja: mbwa hafai kitu mpaka alishwe pilipili. Alinunua dume la mbwa polisi, wale warefu wenye masikio ya kusimama, akamfungia kwenye banda la bati lisilo na dirisha ili asizoee watu. Kila jioni alimsongea ugali wenye pilipili kichaa, na akipata nyigu alichanganya humo humo. Nilipomuuliza kwa nini anamtesa mnyama, alinicheka. "Mbwa asipokula pilipili anakuwaga kondoo," alisema. "Huyo wako ni kondoo."

Wangu alikuwa jike wa mbegu hiyohiyo. Nilimchukua kwa shemeji yangu anayeishi Nyasura, kule Bunda, akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikapu. Nilimchanja, nikajenga wigo, nikamfundisha kukaa nikimwita. Mama yangu, ambaye miguu ilishamgomea, alikuwa akimwekea nyayo mgongoni zipate joto.

Asubuhi moja jirani aliacha mlango wa banda wazi. Mama muuza vitumbua alikuwa anapita na beseni kichwani. Yule dume alimrukia, akaung'ang'ania mkono na kuutikisa mpaka nikaona mfupa. Nilimpiga na jembe mara tatu ndipo akaachia, na mara ya nne nikampasua kichwa. Sijutii jembe lile hata leo.

Kesho yake mkutano wa mtaa uliitishwa. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki nayo. Wakaazimia mbwa polisi wote wauawe, wa kienyeji wabaki. Nilisimama nikasema aadhibiwe mwenye mbwa. Kila mfugaji aandikishwe, achanje, awe na wigo, na anayemfungia mnyama gizani na kumlisha pilipili apelekwe mahakamani. Nilizomewa mpaka nikakaa. Jirani yangu, safu ya mbele, alinyoosha mkono kuunga mkono azimio. Ningekuwa na lile jembe pale, sijui ningefanya nini.

Siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, wakaja wanaume watano na marungu na mapanga. Mbwa wangu alisikia ghasia akaingia chini ya kitanda cha mama. Nilisimama mlangoni nikawazuia. Mmoja akanishushia rungu begani, mkono ukafa ganzi. Ndani mama alikuwa analia, anawaambia huyo hajawahi kumuuma mtu. Nikaona wazi kwamba wakiingia watamkatakata chini ya mgonjwa, na panga halichagui.

"Mwite," mmoja aliniambia. "Wewe anakusikiaga."

Nikamwita. Alitoka akitikisa mkia, akakaa miguuni pangu kama nilivyomfundisha. Rungu la kwanza lilimvunja mgongo. Hakumgeukia aliyempiga, alijikokota kuja kwangu kwa miguu ya mbele, na panga likamkuta njiani. Damu yake iliingia kwenye kandambili zangu. Nilijichukia, na bado najichukia.

Mama wa vitumbua alirudi kutoka hospitali vidole viwili havikunjiki. Alikuja kumpa mama yangu pole ya mbwa, na mimi nikashindwa kumtazama. Alikaa kitandani, akauliza jambo moja tu: "Aliyeacha mlango wazi mlimfanya nini?"

Hatukuwa tumemfanya kitu.

Mwezi uliopita jirani alirudi kutoka Butiama na mtoto wa mbwa ndani ya kiroba, wa kienyeji, rangi ya vumbi, tumbo la minyoo. Alinionyesha kwa furaha kabisa. Huyu, alisema, mtaa unamruhusu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo. Akanijibu kwamba azimio linasema mbwa polisi, na huyo si mbwa polisi.

Jana jioni nilipita kando ya banda la bati. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani mtoto wa mbwa alikuwa anapiga chafya.