Mgeni Aliyemsuka Rukia

Kwanza niseme: siku ile sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na chai niliipika kwa mikono yangu hii. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu anisikilize. Haya yalinifika mwenyewe, Jeddah, mchana kweupe.

Tulikuwa wanafunzi Riyadh, mimi wa Unguja, mwenzangu Rukia wa Pemba, chumba kimoja bwenini. Raha ya bweni lile, we acha tu! Kila Alhamisi tulipika kwa zamu: wiki hii biriani letu, wiki ijayo wali wa Wanaijeria wenye pilipili ya kumtoa mtu machozi. Tulikuwa tukicheka mpaka mlezi wa bweni anagonga ukuta, "Halas, mabinti, halas!" yaani basi, inatosha. Likizo fupi hazikutosha kwenda nyumbani, basi tulikimbilia Jeddah kwa shangazi yangu Zuwena, muuguzi, anayekaa mtaa wa Sharafiya. Huko kula, kulala, na kutembea ufukweni na aiskrimu mkononi. Nani angetaka zaidi?

Rukia alitaka. Likizo moja alikuja na habari mbaya: bibi yake aliyemlea alikuwa hoi kitandani Pemba, hata kikombe hawezi kushika. Akaapa kwamba tukirudi Riyadh ataomba aondoke moja kwa moja. Na ukiondoka katikati ya masomo, nafasi yako imekwenda. Nilimbembeleza, nikamgombeza, wapi! Siku ile alilia mpaka akapitiwa na usingizi pale zuliani, nywele timtim, hazijaona kitana.

Shangazi alikuwa kazini. Nipo jikoni na chai yangu, nikasikia, "Hodi!" Sasa niambie, Jeddah nani anapiga hodi kama si mtu wa kwetu? Nikaitikia "Karibu!" bila ya kutoka jikoni. Hilo ndilo kosa langu. Nilipotoka, bibi mmoja keshakaa zuliani, kajifunga kanga, kichwa cha Rukia kiko mapajani mwake, anamsuka. Nikajua ni katika majirani wa shangazi, maana hawaishi kuingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Jina sikumuuliza. Kwetu utamuulizaje mgeni jina na chai hajanywa? Si ataona unamfukuza! Nikampa chai. Akaonja, akakunja uso.

"Sukari yote hii ya nini?"

"Nisamehe, bibi. Nikutilie nyengine?"

"Basi, iache." Vidole vyake vilikwenda vyepesi, na Rukia hata hakugeuka. "Akiamka mwambie amalize masomo yake. Mimi nitamngoja."

Nikaenda kuchukua mandazi. Kurudi, hakuna mtu. Nikaukimbilia mlango: komeo limefungwa kwa ndani, vile vile nilivyolifunga mwenyewe asubuhi shangazi alipotoka.

Rukia akaamka, akajipapasa kichwa.

"Nani kanisuka?" akauliza. "Huu msuko wa bibi. Mistari yote inakutana nyuma ya sikio la kushoto. Hakuna mwengine anayesuka hivi."

Nikamweleza yote, macho yangu kwenye komeo. Yeye hata hakulitazama. Alilia kidogo, akacheka, akala mandazi yote na yangu juu, na likizo ilipokwisha tukarudi Riyadh pamoja. Habari ya kuondoka sikuisikia tena. Msuko ule hakuugusa mpaka ukafumuka wenyewe.

Tulimaliza masomo sote wawili, tukaenda Pemba kabla hata sijafika kwetu. Bibi yupo kitandani, macho hayaoni tena, lakini yu hai, na sura yake niliijua tangu mlangoni. Rukia akamwangukia kifuani, wakalia mpaka na mimi nikalia. Kisha nikasogea, nikamshika mkono. Nilisema neno moja tu, shikamoo.

Yule bibi akacheka.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe wa chai ya sukari nyingi?"

Basi nyinyi mnaokaa nchi za watu, mkisikia hodi, tokeni kwanza mtazame ni nani. Nawaambia kwa nia njema. Si kila anayepiga hodi ni bibi wa mtu. Mimi mwenyewe sijaweza. Nikisikia hodi huitikia palepale, ila sukari siku hizi natia kidogo.