Bi Verlene na Mimea ya Jengo la Siri

Nilikaa jirani na Verlene Stukey kule Manassas, Virginia, miaka kumi na miwili kabla sijajua anafanya kazi gani. Nilijua anaondoka saa kumi na mbili asubuhi amevaa buti za mpira, na kwamba simu yake hushinda ndani ya gari. Hilo halikunishangaza. Nusu ya mtaa wetu ndivyo walivyo, watu wa kazi za siri za serikali. Ukimwuliza mtu kazi yake kwenye karamu ya nyama choma, yeye anakuuliza kama umeshaonja saladi ya viazi.

Kumbe mama wa watu alikuwa anamwagilia mimea. Kuna jengo, sijui liko wapi, lisilo na dirisha hata moja, na waliomo walikuwa wameomba wawe na kitu cha kijani cha kutazama. Kumwagilia kwenyewe si siri. Siri ni mimea iko chumba gani na iko mingapi. Basi ili aingie na kopo lake la maji, Verlene alihitaji kibali cha usalama cha daraja la juu, sawa na wakubwa waliokaa kando ya vyungu vyake. Siku alipochunguzwa kwa mara ya kwanza walimwuliza hata kuhusu adhuhuri aliyovuka kwenda Kanada kutazama maporomoko ya maji, mwaka 1987, na alikula nini huko na nani.

Ubaya wa kibali hicho ni kwamba kipo mikononi mwa kampuni iliyokuajiri, wewe huna lako. Ijumaa moja ya mwezi Machi kampuni ya Verlene ilishindwa zabuni, ikaingia nyingine. Hao wapya walimtaka, kwa mimea ileile na kopo lilelile. Lakini wale wa zamani walimfuta kwenye mfumo Ijumaa saa kumi jioni, wapya wakawa wamepanga kumwandika Jumatatu, na hapo katikati jalada lake likanasa. Alipopiga simu aliambiwa liko njiani. Alipouliza linatoka wapi kwenda wapi, akaambiwa hana kibali cha kujua hilo.

Wiki ya kwanza alipumzika. Wiki ya pili alianza kuhesabu siku ambazo mimea haijanywa. Wiki ya tatu akaoka keki, akaenda nayo getini kwa Clifton Baugh, mlinzi waliyezoeana miaka tisa, akamwuliza habari za mmea mkubwa wa mpira wa ghorofa ya pili.

"Bi Verlene," Clifton akasema, "siwezi kukubali wala kukataa kwamba kuna mpira."

"Clifton, si mimi niliyeupanda?"

"Basi unajua kuliko mimi. Na kwa sasa hutakiwi kujua."

"Niambie tu kama kuna mtu anaumwagilia."

Clifton aliitazama keki kwa muda. "Ningekuwa wewe," akasema, "nisingeuliza."

Verlene hakulala vizuri. Kesho yake alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika kurasa mbili: mmea gani, chumba gani, vikombe vingapi vya maji. Akampelekea Clifton ili ampe mtu yeyote wa ndani mwenye huruma. Clifton alisoma mistari mitatu, akaigeuza karatasi kifudifudi. Karatasi ile ilitaja vyumba. Kwa maneno mengine, Verlene alikuwa ametembea na waraka wa siri ndani ya mkoba, waraka ulioandikwa na mtu asiye na kibali, yaani yeye mwenyewe. Na Clifton naye alikuwa ameshasoma vyumba visivyomhusu.

Akamwita mkubwa wake. Karatasi ikafungiwa kwenye sanduku la chuma. Kalamu ikachukuliwa, na daftari pia, kwa kuwa lilibeba alama za mwandiko. Verlene akapewa fomu ya kujiripoti, Clifton akajaza ya kwake pembeni. Keki nayo ilichukuliwa, ingawa sidhani kama ilifika sandukuni.

Ndipo akatumwa Tobin Kessler, mchunguzi, kijana mpole mwenye tai ya kahawia. Alianza na mimi. Alitaka kujua kama Verlene ni mlevi, kama ana madeni, kama ana marafiki waliozaliwa ng'ambo. Nikamwambia anaye mmoja, ndiye mimi. Hilo aliliandika kwa muda mrefu.

Kisha akaenda barazani kwa Verlene. Nilikuwa upande wa pili wa uzio nikikata nyasi, na nakiri kwamba niliizima mashine.

"Kwenye karatasi uliandika nini?" Tobin akauliza.

"Wewe una kibali cha jengo lile?"

"Sina. Changu ni cha kuchunguza watu."

"Basi siwezi kukwambia."

Tobin akageuza ukurasa. "Na wewe, unaruhusiwa kukumbuka ulichoandika?"

"Kwa sasa hapana."

"Basi tuzungumze kwa ujumla tu."

"Kwa ujumla, ni maji."

"Mengi?"

"Inategemea ni..." Verlene akajiziba mdomo. "Futa hilo."

Akalifuta. Halafu Tobin akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wake, kwamba naye ni wa mkataba. Kampuni yake ilikuwa imeshindwa zabuni, mwisho wao ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, na kila ripoti ambayo haijakamilika ingerudi kuanza upya. Kibali chake mwenyewe hakujua kitaangukia wapi.

Verlene alikuwa na hasira tangu Machi, na hasira ile ilikuwa ikitafuta mtu wa kumwangukia. Alipomwona mtu mwenyewe amekaa hivyo, ikamwisha. Akaingia ndani, akatoka na kahawa. "Andika hapahapa, mwanangu," akamwambia. "Sitakusemesha." Siku mbili kijana aliandika kwenye baraza ile, na Ijumaa akaituma ripoti ikiwa imebaki robo saa.

Tobin mwenyewe ilimchukua miezi kumi na minne kurudi kazini. Verlene aliandika barua ya kumtetea, akairudia mara tatu.

Kibali cha Verlene kilirudi Juni, wiki ya kumi na moja. Jioni ya siku ya kwanza alifika nyumbani, akabaki ndani ya gari mpaka taa za barabarani zikawaka. Jumamosi alinunua vyungu thelathini na kimoja vya mimea mipya badala ya ile ya zamani, nikamsaidia kuvipakia, na hivyo nikajua hesabu ambayo sikutakiwa kuijua.

Mimea hiyo nayo haikuingia hivihivi. Ilikaa wiki mbili kwenye chumba cha getini, udongo wake ukichekechwa, kila mmoja ukipewa namba. Verlene alipewa kigoda, akakaa nayo akiimwagilia ikingoja zamu yake. Mmoja, mwanzi mdogo, ulikataliwa bila sababu, akaurudisha nyumbani na kuuweka barazani. Nilimwuliza mwanzi ule ulikosa nini. Akasema hawakumwambia, na kwamba unapenda jua la asubuhi.