Wanawake Wakiongea, Chai

Muhiba alipotoka eda, hakuuliza habari za nguo mpya wala za wageni watakaokuja kumpa pole tena. Aliuliza maiki iko wapi.

"Maiki gani, shemeji?" Jamil akamjibu, ilhali alikuwa ameelewa vizuri sana. Jamil ni mdogo wake Idarusi, marehemu mume wa Muhiba, na ana duka kule Umoja. Mtu mkarimu, sikatai, ila ni wale wanaokuamulia mambo yako kabla hujanawa uso.

"Maiki ya kaka yako. Ile uliyoifunga kwenye leso ukaiweka juu ya kabati."

Basi nikueleze habari ya maiki hiyo. Idarusi alikuwa na banda la video hapa Baba Dogo, la mabati matupu, benchi zake za mbao, TV moja na deki moja. Wateja wake walikuwa watu wa viwandani, na filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, tena Kiingereza cha macowboy, kile cha kutafunwa kama miwa. Nani angekielewa? Kwa hiyo Idarusi alikaa kando ya TV na kuwahadithia kwa Kiswahili: huyu ndiye stelingi, huyu ndiye adui, huyu anamdanganya mwenzake. Sauti yake ilitoka kwenye spika ya ndani na nyingine iliyoning'inizwa mlangoni, wapita njia wasikie na wavutike.

Na banda lile lilikuwa na sheria moja. Wanawake wakiongea, chai. Ikifika sehemu ambapo wanawake wa kwenye filamu wamekaa kuzungumza, Idarusi aliweka maiki chini na kusema, "Hapa ni mambo ya akina mama. Chai iko tayari, mandazi bado moto." Hapo Muhiba aliinuka na birika, akapita kati ya benchi akimimina, na nyuma yake wale wanawake wa kwenye TV wakiendelea kusema yao bila mtu kuwasikiliza. Ilikuwa hivyo miaka yote, na hakuna aliyeona ajabu.

Muhiba aliwasikia, lakini. Kabla ya kuolewa alikuwa mpokea simu katika kampuni moja kule Industrial Area, na kazi yake yote ilikuwa Kiingereza na sauti. Kanda mpya ikija, mume na mke waliitazama kwanza nyumbani. Muhiba alimwambia Idarusi wanasema nini, na Idarusi akayashika. Mtaa mzima ulijua hivyo na Idarusi mwenyewe hakuficha. Ila wakifika kwenye wanawake alimwambia, "Hayo yaache, hapo nitapumzisha koo." Muhiba akayaacha.

Kati ya kanda zote, iliyoleta ugomvi ni moja, ambayo watu waliiita Mikokoteni. Filamu ya zamani sana. Watu wamefunga virago, wametia watoto na masufuria kwenye mikokoteni mikubwa yenye paa la turubai, ng'ombe wanaivuta, na wote wanakwenda kutafuta ardhi mbali huko upande wa machweo. Mbele yao kuna kiongozi wa njia aliyepanda farasi mweupe. Wanasafiri weee, risasi inalia mara chache, kisha wanasafiri tena.

Shiundu, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuipenda hata kidogo. "Hiyo si muvi," alisema kila ikitajwa, "hiyo ni jam ya barabara ya Outer Ring, tofauti ni ng'ombe tu."

Mzee Luseno, aliyefanya kazi kiwanda cha sabuni, aliipenda kuliko mtu yeyote pale bandani. Aliijua mpaka midomo ikawa inatembea pamoja na ya Idarusi. Alipenda hasa pale watu wanapokaribia kufa kwa kiu, na kiongozi anaondoka asubuhi na farasi wake, anarudi akipunga kofia kwa sababu ameona maji. Luseno alipiga benchi kwa kiganja na kusema, "Huyo ni mwanamume."

Lakini hata Luseno alikuwa na kisa chake na filamu hiyo. Katikati, mtu mmoja anakufa kwa homa. Wanamzika palepale njiani, hawaweki hata jiwe, kisha mikokoteni yote inapita juu ya kaburi. Idarusi hapo hakuwa na maneno, maana ndio kwanza alikuwa akimeza chai. Alisema tu, "Wana haraka hao," na kuendelea. Luseno alikasirika kila mara. Yeye alimzika mkewe kwenye makaburi ya Lang'ata mwaka ule wa mvua za El Nino, barabara zilipokatika na ikawa hakuna namna ya kumfikisha nyumbani Bungoma, na jambo hilo halikumtoka rohoni. "Watu wako mwenyewe wakukanyage hivyo?" alisema. Shiundu akamjibu maiti hajui kitu. Wakabishana hadi getini kwa kiwanda, wiki nenda wiki rudi, na wengine wakajigawa, hawa huku na hawa kule.

Basi Idarusi akafariki, na Muhiba akakaa eda. Jamil akaendesha banda kwa kanda za karate, ambazo hazitaki mtu wa kuhadithia. Sasa mjane ametoka, na Jamil ameshapanga.

"Shemeji, wewe pumzika," akasema. "Nyuma ya duka kuna chumba. Utakaa wewe na binti yako Rufaida, umsaidie mama watoto. Deki na TV nitazipeleka kulekule. Mjane kushika maiki mbele ya wanaume, watu watasema nini?"

"Watasema, kisha watachoka kusema. Lakini mimi nikikubali, nitabaki na hicho chumba maisha."

Muhiba alikiogopa chumba kile, na haya nayasema waziwazi. Si kwamba Jamil angemtesa. Angemlisha vizuri. Lakini alijua maisha ya kuomba chumvi na kushukuru kwa chumvi, ya kuuliza kama anaweza kwenda sokoni, ya bintiye kukua akinyamazishwa kwenye nyumba ya watu. Hakuwa tayari. Banda lilikuwa kazi yake pia, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kama amestaafu.

Wakakubaliana hivi. Jumapili mchana, onyesho moja. Watu wengi wakitoka kabla filamu haijaisha, Muhiba atafuata deki Umoja bila neno. Wakikaa, maiki ni yake na banda ni lake.

"Utaonyesha gani?" Jamil akauliza.

"Mikokoteni."

Jamil akacheka mpaka akajishika kiuno. Filamu iliyomshinda Idarusi kuwapatanisha watu nayo! "Shemeji, unajitafutia mwenyewe."

"Ndiyo hiyohiyo. Na chai utauza wewe. Mimi siwezi kushika maiki na birika."

Ilikuwa ukaidi? Kidogo, ndiyo. Lakini pia, katika chumba cha eda, Muhiba alikuwa amemkumbuka mwanamke mmoja wa filamu ile, aliyempita miaka yote akiwa na birika mkononi, na akaona ana deni naye.

Jumapili watu walijaa. Wengi, tuseme kweli, walikuja kuona mjane akishindwa. Nafula, auzaye mboga mlangoni na ambaye hakuwahi kuingia ndani kwa sababu zile benchi zilikuwa za wanaume, siku hiyo alifunika sukuma yake kwa gunia, akaingia, akakaa mbele kabisa. Jamil alisimama ukutani karibu na deki na soketi ya umeme, birika miguuni pake.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Muhiba hakuigiza sauti ya mumewe. Alisema kwa yake, taratibu, kama mtu anayekuunganishia simu. Luseno aliitikia kwa kichwa. Kisha wakafika mtoni, wanawake wa filamu wamekaa wanafua, na watu bandani wakajinyoosha na kukohoa kama kawaida.

"Chai," Shiundu akaita.

"Kaeni," Muhiba akasema kwenye maiki. "Bado naongea."

Akawaambia wanawake wanasema nini. Wanasema kiongozi wa njia amepotea. Hajui maji yaliko na anaona haya kusema. Mmoja wao, ambaye mumewe amelala mkokotenini na homa, anawaambia wenzake kwamba ametazama ndege jioni, na wote wanaruka upande mmoja, basi maji yako huko. Anasema atakwenda kumwambia yule kiongozi faraghani, asije akaaibika mbele ya watu.

Luseno akasimama. "Ngoja hapo. Maji aliyaona kiongozi."

"Aliyafikia, mzee. Aliambiwa yaliko."

"Idarusi hakusema hivyo."

"Idarusi alikuwa anakunywa chai."

Banda likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Luseno alikuwa rafiki wa marehemu, tena mtu mzima, na sasa anachekwa kwenye filamu yake mwenyewe. Akavaa kofia. "Mama Rufaida, umeiharibu," akasema, akatoka. Benchi nzima ya watu wa sabuni ikamfuata, na wengine nyuma yao. Aliyeapa kila siku kwamba hiyo ni jam ya Outer Ring ndiye aliyebaki. Shiundu alisogea mbele na kusema chinichini, "Kumbe hii kitu ina stori."

Lakini Shiundu na Nafula na watu wachache hawajazi banda. Jamil akaweka mkono kwenye plagi, akamtazama shemeji yake. Muhiba akakiona kile chumba nyuma ya duka, kitanda chake na dirisha lake dogo. Kule kwenye simu walimfundisha kwamba mtu akikupigia kelele unashusha sauti na kuendelea na kazi, basi akashusha sauti na kuendelea na kazi.

Wakafika kwenye kifo. Yule mgonjwa wa homa amekata roho, wanawake wameketi na mjane ndani ya mkokoteni, na kwa miaka yote hapo ndipo ilipokuwa chai ya pili. Mkubwa wa msafara, si yule kiongozi wa njia, anakuja, ameshika kofia. Anamwambia mjane hawawezi kuweka alama kaburini, maana wanyama watafukua, na kuna watu wanaofukua pia kwa ajili ya nguo. Anashindwa kumaliza. Mjane ndiye anayemalizia.

Muhiba alikuwa hajalia mbele ya watu tangu mazishi. Akashika maiki kwa mikono miwili.

"Anasema hivi: mzikeni njiani. Kisha mpite juu yake, nyote, na ng'ombe wenu wote, mpaka isijulikane kuna mtu hapo. Lakini mimi ndiye nitakayetangulia. Mkokoteni wa kwanza utakuwa wangu, kwa sababu sitaki mtu mwingine aanze kumpitia mume wangu."

Sauti ikamkatika hapo. Kwenye TV yule mwanamke akapanda, akashika hatamu mwenyewe, na gurudumu likainuka kidogo, likashuka. Nafula alijifunika uso kwa leso. Hakuna aliyetaja chai.

Sasa, walikuwa wameisahau spika ya mlangoni. Waliotoka hawakuwa wamekwenda popote. Walisimama nje palepale wakilalamika, na walisikia kila neno. Pazia la mlango likafunguka, mwanga ukaingia, na Luseno akasimama pale, kofia mkononi.

"Mama Rufaida," akasema. "Rudisha nyuma hapo."

Muhiba hakuweza, mkono wake una maiki. Deki ilikuwa kwa Jamil. Watu wote wakamgeukia Jamil, na Jamil akaona hana njia: akaachia plagi, akainama, akarudisha kanda nyuma. Muhiba akasema tena yote, neno kwa neno, na safari hii sauti haikukatika.

"Kwa hiyo hawakumdharau," Luseno akasema.

"Walimficha, mzee. Ili apumzike."

"Na aliyetangulia ni mke wake."

"Ni mke wake."

Luseno hakurudi benchi yake ya nyuma. Alikwenda mbele akaketi kando ya Nafula, na nyuma yake wale wengine wakaingia mmoja mmoja, wakitafuta nafasi zao gizani kana kwamba walitoka kujisaidia tu. Habari za Lang'ata hakuzitaja, na hakuna aliyemuuliza. Alitazama hadi mwisho, na midomo yake safari hii haikutembea.

Usidhani walipatana. Kutoka siku hiyo ugomvi ulizidi. Kuna waliosema Muhiba ameifanya filamu ya macowboy kuwa mkutano wa akina mama. Shiundu alisema yule wa farasi mweupe ni mwizi wa sifa na stelingi ni yule mama. Luseno naye alishikilia kwamba kuambiwa maji yaliko ni jambo moja na kuyaendea na kiu ni jingine, na hapo hakuna aliyemsogeza. Lakini wote walikuja kubishania ndani, kwenye benchi, na hilo ndilo Muhiba alilotaka.

Jioni ile, watu walipokwisha kutoka, Jamil aliinua birika, akashangaa uzito wake. Lilikuwa limejaa kama alivyolileta, na chai imepoa. Akalitua, akakaa kwenye benchi.

"Sasa, shemeji," akauliza, "Jumapili ijayo chai niuze saa ngapi?"

Muhiba alikuwa akiifunga maiki kwenye leso, fundo zuri, la kwake.

"Wakianza kupigana risasi," akasema. "Hapo hakuna cha kutafsiri."