Suruali Yangu Mikononi mwa Mama Mkwe

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa karani wa ghala la mahindi Kitale, na nilikuwa nimeoa Bungoma. Daktari alinipima kwa kamera, naona haya hata sasa kusema aliipitishia wapi, akaniambia utumbo wangu mpana una vidonda visivyopona, vinatulizwa tu kwa dawa. Mke wangu nilimwambia ni amiba. Nilipokonda, kazini wakanong'ona kwamba nina ukimwi. Dawa zikanifurisha uso, wakanong'ona zaidi. Nikaacha kuzimeza bila kumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye tulikwenda Bungoma kwenye harusi ya shemeji. Asubuhi ya sherehe tumbo likanikata. Choo kilikuwa nyuma ya migomba, na kukifikia ilibidi nipite mbele ya akina mama waliokuwa wakichambua mchele. Nilipita mara sita kabla ya chai. Mara ya saba nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Aliyekuwemo akaniomba nisubiri kidogo. Sikuweza. Suruali yangu ya suti ililowa damu na uchafu hadi kwenye soksi.

Nilijificha kwenye bafu la mabati. Mke wangu akaniletea maji na shuka, akaondoka na suruali. Nilidhani ameitupa. Kupitia tundu la msumari nikamwona mama mkwe ameinama juu ya karai, anaifua. Kwao mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja hupisha.

Hakunisemesha. Alisema na binti yake, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie bwana yako hii ni damu, si amiba. Apelekwe hospitali sasa hivi. Harusi itaendelea bila yeye."

Nililazwa siku kumi na moja, nikaongezwa damu, nikarudishiwa dawa. Wodini ndipo nilipomweleza mke wangu ukweli. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mbona mama yangu amejua kabla yangu?"



Tumbo lilitulia. Lakini kwa miaka miwili, kila tulipoalikwa Bungoma, nilisingizia mavuno. Mke wangu alikwenda na watoto, nami nikabaki nyumbani kwetu Kibomet, hapo Kitale. Mama yake alinitumia salamu kila mara. Nilizipokea, lakini neno la asante sikulituma.